Herufi za Mrima: Kutoka Kalamu ya Mwanzi hadi Baiti

Mwaka 1892 kilichapwa Berlin kitabu cha kufundishia watu kusoma barua za Waswahili. Mtungaji wake, Carl Gotthilf Büttner, alikuwa mwalimu katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa mjini humo mwaka 1887, ambako maofisa na makarani walijiandaa kuja kutawala Afrika Mashariki. Kitabu kilitoa hati za Kiswahili jinsi zilivyoandikwa na wenyewe, kwa herufi za Kiarabu, kisha kikazisoma kwa herufi za Kirumi na kuzifasiri kwa Kijerumani.

Wakati huo Mrima, pwani inayoelekeana na Unguja, ulikuwa umekwisha kuangushwa. Mkataba wa Aprili 1888 baina ya Sultani Khalifa wa Unguja na Kampuni ya Kijerumani ulizusha vita vilivyoanzia Pangani miezi michache baadaye. Julai 1889 Hermann von Wissmann aliiteka Pangani, na siku chache baadaye Tanga. Desemba 15 mwaka huo Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, akanyongwa Pangani. Bandari zilikuwa mikononi mwa Wajerumani, forodha pia, lakini barua za maliwali, majumbe na wafanyabiashara ziliendelea kupita mbele ya macho yao bila wao kuambulia neno. Ikabidi waajiri wakalimani, na kule Berlin wawaite walimu kutoka Unguja, Sleman bin Said na baadaye Amur bin Nasur, wawafunze.

Hakuna aliyewaficha kitu. Mtoto wa chuoni aliyehitimu msahafu pale Tanga au Pangani angeweza kuisoma barua ile bila taabu. Ugumu uliowapata Wajerumani unafanana na ule unaompata leo mwandika programu anapofungua faili la maandishi na kukuta vialama vya ajabu badala ya maneno: alama zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea, ila maafikiano yaliyozifanya alama zile kuwa sauti hayakuandikwa popote ndani yake. Yalikuwa vichwani mwa watu.

Tuchukue neno moja. Karani wa Pangani anaandika be, nukta moja chini, anaitia fataha, na mara nyingi anaongeza alifu kuonyesha kwamba hapo ndipo sauti inapokazwa. Kisha te, nukta mbili juu, na fataha yake. Ba-ta. Huenda ni bata. Lakini Kiarabu hakina p, na makarani wengi waliibebesha be kazi hiyo pia, kwa hiyo huenda ni pata. Tena ilikuwa kawaida kuiacha m au n inayotangulia konsonanti nyingine, kwa hiyo huenda ni mbata, nazi kavu iliyokuwa ikipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Irabu nazo zilikuwa tatu tu kwa lugha yenye tano: kasra ikasimama mahali pa i na e, dhumma mahali pa u na o, hata kuku, koko na kuko zikaandikwa namna moja. Fe ilisaidia v, shini ilisaidia ch, na ghaini ikabeba g na ng pamoja.

Wazungu wa wakati ule walilishutumu sana andiko hili, wakasema halifai kwa Kiswahili. Shutuma hiyo ni nusu ya kweli. Kiarabu chenyewe huandikwa kila siku bila irabu na watu wanaelewana. Barua ikitoka kwa mwenye minazi, ikitaja magunia na bei, msomaji wa Pangani hakusimama hata kidogo kujiuliza kama mwenziwe anamuuzia bata. Alijua nani anaandika, kwa jambo gani, na maamkizi yakishakwisha shauri litaanzia wapi. Andiko lilimtosha kwa sababu nusu ya maana alikuwa nayo tayari. Aliyeshindwa ni mgeni, ambaye nusu hiyo hakuwa nayo.

Mshairi wa Tanga, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliandika kwa herufi hizo hizo habari za vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutamalaki Mrima. Utenzi wake una tarehe ya 1307, nayo pia yahitaji ufunguo: ni mwaka wa Hijria, ulioanza mwishoni mwa Agosti 1889 na kwisha katikati ya Agosti 1890, yaani wakati jeraha la Pangani lilikuwa bado bichi. Utenzi una faida moja ambayo barua haina. Kila kipande kina mizani nane, vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vina kina kimoja, na cha nne kinashika kina cha utenzi mzima. Msomaji akisoma vibaya, hesabu inamsuta. Akikuta kipande kina mizani saba, basi huenda kuna m yenye silabi yake iliyoachwa, kama ile ya mtu au mji. Akikuta mwishoni mwa vipande vitatu li yenye kasra, hajui ni li au le. Lakini likiwamo neno moja kati ya matatu ambalo halisomeki ila kwa i, mawili mengine yanafunguka pamoja nalo. Wahandisi wa mawasiliano huongeza tarakimu za ziada mwishoni mwa ujumbe ili mpokeaji agundue kama kuna kosa njiani. Washairi wa mwambao walikuwa na kinga ya namna hiyo kwa karne nyingi, nao waliiweka kwa ajili ya sikio kwanza.

Serikali ya Kijerumani haikuwa na subira ya kuhesabu mizani. Mwanzoni ilikubali kuandikiana na watu wa pwani kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1901 Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana, alitoa kitabu kingine cha kufundisha hati hiyo. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifunguliwa Tanga shule ya serikali, na humo watoto walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ili watoke makarani, maakida na walimu. Wamisheni walikuwa wametangulia: kule Magila, karibu na Muheza, kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Waingereza kilichapa kwa Kirumi Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, katika sehemu zilizotoka kati ya 1895 na 1907. Wataalamu wa lugha huko Ujerumani, Carl Meinhof miongoni mwao, walitaka Kiswahili kitengwe na herufi za Kiarabu, na siasa ya dini ilikuwamo ndani ya shauri hilo. Naamini waya nao ulisukuma. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilihitaji simu ya waya, na mashine ya Morse iliyofungwa na Wajerumani ilijua herufi za Kirumi. Karani aliyeandika vizuri kwa mwanzi hakuwa na kazi pale posta.

Kutoka shuleni hapo hapo Tanga likazaliwa gazeti la Kiongozi, lililotoka kila mwezi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia vilipolizima mwaka 1916. Lilichapa habari, barua na mashairi, na wasomaji wake walitawanyika koloni zima. Mashairi hayo yalikuwa na mizani na vina vile vile vya kina Hemedi. Mavazi tu ndiyo yaliyobadilika. Na mavazi yakibadilika kwa amri, kuna anayebaki uchi: mwalimu wa chuo aliyekuwa akiandikia mtaa mzima barua na hati za mashamba akajikuta, mbele ya bwana shauri, anahesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma.

Vita hivyo vilileta Tanga msimbo wa aina nyingine kabisa, ule wa siri. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, wakapigwa na jeshi dogo la Paul von Lettow-Vorbeck. Siri yao ilikuwa imekwisha kuvuja bila hila yoyote ya kusimbua: Lettow-Vorbeck alieleza baadaye kwamba barua za Kiingereza zilizonaswa zilikuwa zikitaja waziwazi kuja kwa askari wa Kihindi. Miezi mitano baadaye mambo yakapinduka. Wajerumani walituma kutoka Ulaya meli ya Rubens, imejifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ikiwa na makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la nchi kavu. Safari hii Waingereza ndio waliokuwa wakinasa ujumbe wa redio wa adui na kuufungua. Aprili 14, 1915, manowari Hyacinth ilikuwa ikiisubiri. Rubens ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nahodha wake Carl Christiansen akaizamisha kwenye maji mafupi, na Hyacinth ikaipiga mizinga mpaka ikawaka. Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Moto ulikuwa juu, shehena ilikuwa chini ya maji. Wajerumani na vibarua wa pwani wakaitoa sehemu kubwa, na risasi zilizolowa chumvi zikafunguliwa, zikakaushwa na kutumika kwa muda mrefu baadaye. Ujumbe ulisomwa sawasawa, ila aliyeusoma hakungoja kuona una nini ndani.

Manza ni kisa kitamu, nami nimekiweka hapa kwa sababu kinaonyesha tofauti. Msimbo wa redio ulitengenezwa ili usisomeke, na ulisomwa. Barua za Mrima ziliandikwa ili zisomeke, na kufikia wakati wa utawala wa Waingereza, wachache waliweza kuzisoma. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930, ilisanifisha tahajia ya Kirumi, na haikushughulika na nyingine. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikwenda kinyume na mkondo: gazeti lake la Sahifa, la 1930, lilitoka kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, naye akazitofautisha e na i, o na u kwa alama za ziada, na kuzipa p, v na ch herufi zao. Ilikuwa dawa sahihi. Ilifika wakati mgonjwa amekwisha kuhamia hospitali nyingine.

Aliyezirudia hati za Tanga kwa bidii zaidi alikuwa J.W.T. Allen, Mwingereza aliyefanya kazi Tanganyika miaka mingi. Mwaka 1945 alitoa, pamoja na jarida la Tanganyika Notes and Records, mwongozo wa andiko la Kiarabu kwa wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka 1955 utenzi wa Hemedi kuhusu vita vya Wadachi ukachapwa kwa Kirumi chini ya uhariri wake. Miaka ya 1960 alizunguka pwani akikusanya miswada na kurekodi sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya makusanyo hayo ikachapwa Leiden mwaka 1970. Kanda hizo za sauti ni jambo la busara zaidi kuliko linavyoonekana. Mtu anayeimba utenzi anatoa e na o ambazo karatasi haina.

Wakati Allen akizunguka, Marekani walikuwa wakiandika maafikiano mapya. Mwaka 1963 ilitoka ASCII, orodha ya nafasi 128 ambamo kila herufi ina namba: T kubwa ni 84, na a ndogo, iliyoongezwa baadaye, ni 97. Kiswahili cha Kirumi kilibahatika mno. Hakina nukta juu ya irabu kama Kijerumani wala mikwaju kama Kifaransa, hakitumii q wala x, na king'ong'o cha ng' kimetoshwa na kijialama kilichokuwamo tayari. Kila neno la Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani pale Tanga, lingeingia katika orodha hiyo bila kurekebishwa. La Hemedi lisingeingia hata herufi moja.

Miaka ya 1980 na 1990 kila kundi la lugha lilijitengenezea orodha yake ya nafasi 256. Kiarabu kilipata zaidi ya moja. Ile ya kimataifa ya 1987 haikuwa na p kabisa. Ile ya Windows iliongeza p, ch na g kwa ajili ya Kiajemi, lakini ikaacha v yenye nukta tatu. Kwa maneno mengine, mtu wa 1995 aliyetaka kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika kompyuta alikumbana na upungufu wa karani wa 1888, ila karani aliweza kuongeza nukta kwa kalamu yake.

Unicode, iliyotoka Oktoba 1991, ndiyo iliyofanya orodha kuwa moja kwa dunia nzima, na humo p, ch, g na v za Kiarabu zote zimo. Mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8 usiku mmoja katika mkahawa wa New Jersey: namna ya kuziandika namba hizo kwa baiti ambapo maandishi yote ya ASCII yanabaki vilevile, na herufi za Kiarabu zinachukua baiti mbili mbili. Be ni D8 A8. Pe ni D9 BE.

Hapa mwandika programu anaingia mahali pa Büttner. Katika lugha ya Python, tangu toleo la tatu la Desemba 2008, baiti na mfuatano wa herufi, au stringi, ni vitu viwili mbalimbali, na njia ya kutoka kimoja hadi kingine ni amri: encode ya kusimba, decode ya kusimbua. Ukiandika b'\xd8\xa8'.decode('utf-8') unapata be, nukta chini, safi kabisa. Ukibadilisha mabano yakawa decode('latin-1') unapata Ø¨. Python hailalamiki, kwa sababu katika orodha ya latin-1 kila baiti ina herufi yake. Hakuna kosa linalowezekana, kwa hiyo hakuna kosa linaloonekana. UTF-8 ni kali zaidi. Ukiipa faili la Kiarabu la Windows la zamani, ambamo be ni baiti moja C8, kwa kawaida itasimama na kukataa, ikikutajia ni baiti ipi imeikwaza. Wanaoanza kazi hii huuchukia ukali huo na kukimbilia latin-1 ili programu iendelee. Mimi nauona ukali ule kuwa ndugu wa mizani nane.

Hata Kirumi chetu hakikusalimika chote. Programu nyingi za kuandikia hukigeuza kijialama kilichonyooka cha ng'ombe kuwa kilichopinda, na hicho hakimo katika ASCII. Katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Mfumo wa zamani ukizisoma kwa orodha ya Windows ya Ulaya, ng'ombe anageuka ngâ€™ombe. Kumponya ni kurudi njia ile ile: kuzisimba upya herufi hizo kwa cp1252, kisha kuzisimbua kwa utf-8. Kwenye simu hasara ni ya fedha. Ujumbe mfupi wa Kiswahili hubeba herufi 160. Kijialama kilichopinda kikiingia mahali pamoja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mpana na kubeba 70.

Kuna usimbaji usiobadilisha lugha wala herufi, wa kupitisha mzigo tu. Base64 huchukua baiti tatu tatu na kuzigawa vipande vinne vya biti sita, ili zipite salama katika barua pepe zisizojua zaidi ya ASCII. Tanga hugeuka VGFuZ2E=. Alama ya usawa mwishoni huonyesha kwamba fungu la mwisho lilipungukiwa na baiti moja. Wapo wanaodhani huko ni kuficha siri, wakaweka nywila zao hivyo. Yeyote mwenye Python anaifungua kwa mstari mmoja, na nahodha Christiansen asingeitumia hata kuagiza chai.

Kuzirudisha hati za Mrima katika maandishi ya kompyuta ni kazi ya ngazi mbili, na ya kwanza tu ndiyo iliyokwisha. Baiti hadi herufi: UTF-8 inafanya bila shaka yoyote. Herufi hadi neno la Kiswahili: hapo mashine inarudi Berlin ya 1892. Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika!, inayogeuza Kiswahili cha Kirumi kuwa cha Kiarabu kwa kufuata tahajia ya Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, ambaye mwaka 1997, pamoja na P.J.L. Frankl, alichapisha mapitio ya historia ya andiko hili na mapendekezo ya kuliboresha. Kwa tahajia iliyoboreshwa njia ya kurudi nayo ni nyepesi, kwa kuwa kila sauti ina alama yake. Kwa mswada wa zamani haiwi nyepesi, na kila mnakili alikuwa na mazoea yake: huyu anaiandika n, yule anaiacha, huyu anatia nukta tatu chini ya be, yule hatii. Programu inaweza kuorodhesha usomaji wote unaowezekana, ikahesabu mizani, ikalinganisha vina na kufuta usiofaa. Bata, pata na mbata zote zina mizani mbili.

Katika madrasa za Tanga watoto bado wanajifunza alifu, be, te, nukta na irabu zake, kwa ajili ya Kurani. Kiswahili wanakutana nacho shuleni, kwa Kirumi, na baadhi yao wanakutana na kompyuta huko huko. Mswada uliotoka mtaani kwao wangeweza kuutamka silabi kwa silabi leo hii. Wangehitaji mtu wa kukaa nao saa chache, awaonyeshe jinsi ghaini ilivyobeba g na ng, na mahali ambapo n imeachwa.